Hivi nani aliwaambia Waitaliano cappuccino ikifika mchana ni haramu?

#1 Mkwakwani Jr

Habari za muda huu wakuu.

Niko Bologna kimasomo. Wiki iliyopita tulitoka kula mchana na wenzangu wa maabara. Tagliatelle na rojo la nyama, kisha saladi, watu tukashiba. Mhudumu akapita na kikaratasi chake kuuliza kahawa. Mezani ikaenda "caffè, caffè, caffè" hadi ikafika kwangu, nami nikasema cappuccino, kahawa ya maziwa yenye povu. Kalamu ikasimama. Akaniangalia, akamwangalia jamaa aliyekaa pembeni yangu, jamaa akainua mabega kama anayeniombea radhi. Ikaletwa, nikainywa yote, lakini hadi leo tukikutana koridoni wananiuliza kama tumbo limepona.

Tangu hapo nimekuwa nikikusanya makatazo yao. Cappuccino mwisho saa tano asubuhi. Jibini juu ya tambi za samaki au kamba, hapana. Kuvunja spageti ili zienee sufuriani, hapana. Kuzikata kwa kisu, hiyo ni ya watoto wadogo. Krimu kwenye carbonara (tambi za mayai, jibini na nyama ya nguruwe), usithubutu. Kuku juu ya tambi, wanakuona akili imeyumba.

Swali: haya yametoka wapi? Ni afya, ni dini, au ni maringo tu? Atakayekuja na "ndio utamaduni wao" namrudisha mlangoni, hilo si jibu.

#2 Pangani Mjini

Nimeweka kambi. Karanga ninazo.

#3 Dada wa Verona

Mkuu, mimi nimeolewa huku na nina mama mkwe wa Kiveneto, kwa hiyo haya nayajua kwa kusemwa. Jibu lao ni moja tu: mmeng'enyo wa chakula. Maziwa kwao si kinywaji, ni mlo. Asubuhi mtu anakunywa cappuccino na mkate mtamu mmoja (huku brioche, kuanzia Roma kwenda kusini cornetto) na hicho ndicho kifungua kinywa chote. Hakuna chapati, hakuna supu. Sasa ukishakula tambi na nyama halafu ukamwagia maziwa ya moto juu yake, wanaamini chakula kinalala tumboni. Espresso, kwa kuwa ni ndogo na chungu, inasukuma. Ikishindwa kusukuma, wanaifuatishia kiglasi cha pombe, grappa au amaro.

Na si cappuccino peke yake. Watoto wakila mchana ufukweni hawaingii majini mpaka yapite masaa mawili au matatu. Ukitoka na nywele mbichi unaambiwa upepo utakukamata shingo. Nusu ya maisha ya Muitaliano ni kulinda tumbo, nusu iliyobaki ni kulinda shingo.

#4 Kibonge Mwelevu

Dada, hiyo mbona chai? Hao hao wanamaliza mlo kwa tiramisu yenye mascarpone, au panna cotta ambayo ni krimu tupu, au gelato. Hayo maziwa yenyewe yanapita njia gani? Yana pasipoti?

#5 Dada wa Verona

@Kibonge Mwelevu njoo Jumapili umuulize mwenyewe. Mie nina ndoa ya kulinda.

#6 Tabibu wa Kata

Kibonge ana hoja ila msimtupe mama mkwe haraka. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha laktesi kinachovunja sukari ya maziwa, na Waitaliano wamo, hasa wa kusini na Sicilia. Glasi ya maziwa kwa mtu wa namna hiyo inaleta gesi na tumbo kuunguruma. Jibini iliyokomaa ni kesi nyingine: Parmigiano Reggiano kisheria hukaa miezi 12 kwa uchache, na nyingi hukaa 24 au zaidi. Katika kutengenezwa na kukomaa, ile sukari ya maziwa inaliwa na bakteria, inabaki karibu na sufuri. Ndiyo maana mtu anaweza kunyunyiza jibini kila siku na maziwa mabichi yakamshinda.

Kwa hiyo huenda watu waliona matokeo kwanza, sababu wakajitungia baadaye.

#7 Kibonge Mwelevu

Daktari, na asubuhi je? Tumbo ni lile lile. Saa mbili linapokea maziwa, saa nane linagoma?

#8 Tabibu wa Kata

Asubuhi hakuna sahani mbili za tambi chini yake. Lakini sawa, hapo umenibana kidogo.

#9 Mzee wa Baraza

Mnahangaika na tumbo bure. Nendeni kijiweni Mombasa baada ya Magharibi, au hapo Kariakoo kwa muuza kahawa mwenye dele lake na vikombe kwenye ndoo. Mwambie akutilie maziwa. Hatokujibu kuhusu mmeng'enyo. Atakuangalia tu, na wazee waliokaa bao watacheka mpaka meno yaonekane. Kahawa tungu ya jioni ni tungu, na kashata au tende pembeni. Maziwa ni ya chai ya asubuhi. Hakuna aliyeandika sheria, hakuna aliyekatazwa na daktari. Kila kitu kina wakati wake kwa siku, na mtu mzima anajulikana kwa kujua wakati.

Waitaliano ni hivyo hivyo. Mleta mada, hukukosea tumbo, ulikosea saa.

#10 Pangani Mjini

Mzee wa Baraza ameshusha nondo. Ila mkuu kasema asitokee mtu wa "ndio utamaduni wao", na wewe umerudi nao kwa mlango wa nyuma umevaa kanzu.

#11 Weita wa Casuarina

Wasalaam kutoka Malindi. Mimi nimefanya kazi mahoteli ya Waitaliano hapa tangu nikiwa kijana, na Kiitaliano nilikijua kabla Kiingereza changu kukaa sawa. Hapa kwetu hilo ni la kawaida. Waitaliano walianza kuzoeana na pwani hii tangu miaka ya 60, walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti Ngomeni. Ya kwanza kutoka hapo, San Marco 2, iliruka Aprili 1967. Baadaye yakaja mahoteli, majumba, maduka ya gelato, na wazee waliostaafu wakabaki.

Sasa nirekebishe jambo. Si kweli kwamba baada ya saa tano cappuccino ni mwiko. Wazee wangu hapa wananiagiza cappuccino saa kumi jioni baada ya kulala mchana, na biskuti. Hakuna anayeshangaa. Shida si saa, shida ni kuiweka JUU ya mlo. Mleta mada angengoja akatembea kidogo, akaingia baa nyingine saa kumi, angepewa bila neno.

Kuhusu jibini na samaki, hilo nimeliona kwa macho yangu. Mgeni mmoja kutoka Nairobi aliagiza spageti za kamba, akaomba Parmesan. Nikamletea, kazi yangu ni kuleta. Mpishi, mtu wa Puglia, akachungulia dirishani akaona jibini inamwagika. Alivua aproni akaenda kuvuta sigara nyuma ya jiko, na meza mbili zikasubiri hadi arudi.

#12 Frateri Mtoro

Hilo la samaki ni la Kanisa, na nashangaa hakuna aliyelitaja. Zamani Ijumaa na Kwaresima nzima ilikuwa kufunga nyama, na kwa karne nyingi Kwaresima ilikataza pia mayai, maziwa na jibini. Samaki akaruhusiwa. Kwa hiyo siku ya samaki ilikuwa siku isiyo na jibini. Ukirudia hivyo kizazi baada ya kizazi, vitu viwili vinaacha kukutana sahanini hata sheria ikishalegezwa.

Roma hadi leo wana ratiba ya wiki: Alhamisi gnocchi, Ijumaa samaki, Jumamosi matumbo ya ng'ombe. Gnocchi za viazi ni nzito, za kujaza tumbo kabla ya Ijumaa ya kujinyima. Pita mitaa ya Roma Alhamisi, utaona vibao vya trattoria (migahawa ya kawaida) vimeandikwa gnocchi. Wengi wanaokula hawana habari na kufunga.

#13 Binti Mtambwe

Frateri, lakini sisi Pemba si Wakatoliki, na bibi yangu hakuwahi kuturuhusu kunywa maziwa siku tuliyokula samaki. Alisema utatoka mabaka meupe mwilini. Nimekuja kukutana na Wahindi na Waarabu wanaosema hivyo hivyo. Kwaresima imefikaje kwa bibi yangu Mtambwe?

#14 Tabibu wa Kata

Kitaalamu mabaka hayaletwi na samaki na maziwa, hilo tuliweke wazi. Lakini swali lako zuri.

#15 Jiko la Kigamboni

Mimi ni mpishi, nimefundishwa kazi na Waitaliano, niseme la jikoni. Hakuna dini wala mabaka. Pecorino ina chumvi na harufu ya kondoo. Chaza au kome mbichi ya baharini ni laini, ladha yake ni maji ya bahari. Ukiiwekea pecorino umelipa hela ya chaza ukala jibini. Isitoshe, jibini ni kitu cha bara, kwa wafugaji, samaki ni wa pwani. Zamani vitu hivyo havikukaa kwenye soko moja.

Na hiyo "sheria" ina matundu kama wavu. Bari wanapika tiella: wali, viazi na kome tanurini, na pecorino humo humo. Vicenza, kaskazini huko karibu na Dada wa Verona, wana baccalà alla vicentina, samaki mkavu anayechemka pole pole na maziwa, vitunguu, na jibini ya grana. Huyo mpishi wa Puglia aliyevua aproni, kwao Bari mama yake anajaza kome kwa pecorino.

Sicilia kwenye tambi za dagaa (pasta con le sarde) wananyunyiza chenga za mkate zilizokaangwa. Jibini ilikuwa ghali, mkate uliokauka upo kila nyumba.

#16 Weita wa Casuarina

@Jiko la Kigamboni ningejua haya siku ile ningemfuata huko nyuma ya jiko na maneno yangu tayari.

#17 Mkwakwani Jr

Duh, uzi umenoga. Naomba mtu anieleze na hili: wenzangu wanasema hapa Bologna tagliatelle ina kipimo chake cha upana, na kuna mfano wa dhahabu umefungiwa ofisini. Wananitania mgeni au ni kweli?

#18 Jiko la Kigamboni

Kweli kabisa. Mwaka 1972 kilipelekwa kipande cha tagliatella cha dhahabu Chama cha Wafanyabiashara cha Bologna. Upana wake ikishapikwa ni milimita 8. Wakaongeza kwamba hiyo ni sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli, ule mrefu uliopo hapo katikati ya mji wako. Mwaka 1982, tarehe 17 Oktoba, Accademia Italiana della Cucina wakasajili hapo hapo mapishi rasmi ya ragù, hilo rojo la nyama: nyama ya ng'ombe, pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe), karoti, seleri, kitunguu, divai, nyanya kidogo, na MAZIWA. Mwaka 2023 wakayapitia upya.

Kwa hiyo mleta mada, ulipoagiza cappuccino mezani palikuwa tayari na maziwa kwenye rojo la nyama.

#19 Kibonge Mwelevu

Watu wazima wamepima tambi kwa mnara. Naomba nisikie tena mtu anasema sisi ndio tunapoteza muda vijiweni.

Na Marco Polo je? Si ndiye aliyezileta hizo tambi kutoka China? Hao Waitaliano wanatusimamia sheria za mali ya Mchina.

#20 Mtunza Nyaraka

Kibonge, hiyo ya Marco Polo itupe. Yeye alirudi Venezia mwaka 1295. Mwaka 1279 huko Genova kuna orodha ya mali ya marehemu mmoja ambamo limeandikwa pipa dogo lililojaa makaroni. Na kabla ya hapo, mwaka 1154, al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyemtumikia mfalme wa Sicilia, aliandika kuhusu Trabia karibu na Palermo: viwanda vya tambi kavu zinazopakiwa merikebuni kwenda Calabria na nchi za Waislamu na za Wakristo. Njia ya tambi kavu kuingia Italia wengi wanaitafuta kwa Waarabu wa Sicilia kuliko China.

Sasa nirudi kwenye swali la mleta mada, maana naona wote mnajaribu kueleza chanzo cha kale cha mambo ambayo si ya kale. Chukueni mifano.

Kutafuna tambi ngumu kidogo, al dente. Maestro Martino, mpishi wa karne ya 15, aliandika kwamba makaroni ya Kisicilia yachemke masaa mawili. Masaa mawili! Hiyo leo Italia ni kesi ya polisi.

Nyanya. Ni mmea wa mabara ya Amerika, na mapishi ya tambi kwa nyanya yanaanza kuonekana vitabuni kwenye mwisho wa karne ya 18 na karne ya 19. Ippolito Cavalcanti wa Napoli anayo mwaka 1839.

Uma. Napoli ya karne ya 18 na 19 watu wa kawaida walinunua tambi mtaani zimenyunyiziwa jibini tu, wakazila kwa mkono, wameinua kichwa juu na tambi zinashuka mdomoni. Picha zake zipo hadi leo, wageni walizinunua kama kumbukumbu za safari.

Na sukari. Bartolomeo Scappi, mpishi wa Papa, mapishi yake yalichapwa 1570, anapika tambi na jibini, sukari na mdalasini.

#21 Mkwakwani Jr

SUKARI? Yaani wakati wote huu nimekuwa naficha kwamba kwetu Tanga tambi zinapikwa na sukari, nazi na iliki? Niliwahi kumwonyesha mwenzangu mmoja picha ya futari ya nyumbani. Alifunga macho.

#22 Pangani Mjini

Kumbe bibi zetu walikuwa wapishi wa Papa na hawakulipwa. Mkwakwani, Ramadhani ijayo pika sufuria, zikaange kwanza kwenye mafuta hadi ziwe kahawia, tui zito, zabibu juu, halafu wapelekee na tarehe ya huyo Scappi imebandikwa kwenye mfuniko.

#23 Binti Mtambwe

Na zivunjwe kabla hazijakaangwa. Spageti ndefu za sukari hazikai kijikoni. Tuone nani atapiga kelele.

#24 Mswahili wa Napoli

Nimesoma kimya kimya ila hapo kwenye kuvunja nimeshindwa. Niko Napoli miaka mingi, na hapa Jumapili wanavunja tambi kwa mkono mezani! Ziti, zile ndefu zenye tundu, zinavunjwa vipande vipande familia ikiwa imekaa, watoto wanasaidia, vipande vidogo vinavyoruka vinakusanywa navyo vinapikwa. Ni kwa ajili ya ragù ya hapa, ambayo haina uhusiano na ile ya Bologna. Huku ni mapande makubwa ya nyama yanayotokota kwenye nyanya tangu asubuhi, moto mdogo kabisa, mchuzi unatoa povu moja moja tu. Tambi na viazi nazo zinapikwa na mchanganyiko wa tambi zilizovunjika. Zamani ilikuwa mabaki ya gunia dukani, siku hizi kiwanda kinauza mchanganyiko huo pakiti kwa bei ya kawaida.

Sheria ya kutovunja ni ya spageti, kwa sababu unazisokota kwenye uma. Fupi hazisokoteki. Basi. Sababu ndogo kabisa na nyinyi mnatafuta Papa.

#25 Mtunza Nyaraka

Hilo la Napoli linanisaidia mimi: kila mji una lake, halafu runinga na utalii vinakusanya vyote na kuviita "sheria za Italia". Carbonara ndiyo mfano mkubwa. Leo ni guanciale (nyama ya shavu la nguruwe), viini vya mayai, pecorino na pilipili manga, vinginevyo umetukana taifa. Lakini mapishi ya kwanza ya carbonara yanayojulikana kuchapwa yametoka Chicago mwaka 1952, kwenye kitabu cha mwongozo wa migahawa. Italia yenyewe yalitokea Agosti 1954 kwenye jarida la La Cucina Italiana, na humo kulikuwa na kitunguu saumu na jibini ya gruyère. Ya Uswisi!

Mwaka 2023 Alberto Grandi, profesa wa Parma, aliyasema haya kwenye gazeti la Financial Times, na nchi ikawaka moto.

#26 Mswahili wa Napoli

Grandi anapenda kuwasha moto, mkuu, ndiyo kazi yake. Kuchelewa kuchapwa si kuchelewa kupikwa. Bibi yako alipika mkate wa kumimina miaka mingapi kabla mtu hajauandika? Huku kusini kuchanganya tambi na mayai na jibini kulikuwepo tangu karne ya 19. Mtu akaongeza nyama ya shavu la nguruwe, akapata carbonara. Wengine wanasema ni chakula cha wachoma mkaa wa milima ya kati, walibeba mayai na jibini msituni.

#27 Frateri Mtoro

Na wengine wanasema ni askari wa Kimarekani wa 1944, walikuja na bekoni na mayai ya unga, wapishi wakapata la kufanya. Renato Gualandi, mpishi kutoka huko huko Bologna, alidai aliipika Riccione Septemba 1944 kwa ajili ya maofisa wa majeshi.

#28 Kibonge Mwelevu

Mkaa, Chicago, askari, bibi. Mchague mmoja basi tulale.

#29 Section One

Niaje wadau, niko Eastleigh. Hamjaigusa Somalia. Hapa mtaani baasto ni chakula cha kila siku, na mchuzi wa suugo wenye bizari na nyama ya mbuzi, na NDIZI mbivu pembeni. Unauma ndizi, unakula tambi, kwa mkono pia ukitaka. Waitaliano walitawala kusini mwa Somalia hadi 1941, wakarudi kusimamia kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Waliacha tambi, sheria wakaondoka nazo.

Kuna mzungu mmoja Muitaliano huja kula hapa na mke wake Msomali. Mwanzoni ndizi alikuwa anaisogeza kando. Siku hizi ikicheleweshwa anauliza iko wapi.

#30 Dada wa Verona

Nimerudi na kitu cha kuwachanganya zaidi. Jana nimeuliza mezani. Baba mkwe, alizaliwa kijijini kabla ya vita kwisha, kasema kwao USIKU walikuwa wanakula kahawa ya maziwa! Bakuli la caffelatte na polenta (ugali wao wa mahindi) ya mchana iliyobaki au mkate mkavu, ndiyo chakula cha jioni, kwa kuwa nyama haikuwepo. Mama mkwe akamkatiza: "Hiyo ilikuwa umaskini." Akanyanyuka kutoa sahani.

Nikawaza, huenda hapo ndipo penyewe. Kahawa ya maziwa usiku ilikuwa alama ya nyumba isiyo na kitu. Nchi ilipopata pesa miaka ya 50 na 60, mtu akala sahani ya kwanza, ya pili, matunda, kisha espresso ndogo ya mashine. Kurudi kwenye maziwa baada ya mlo mzuri ni kama kukumbushwa. Sina ushahidi zaidi ya uso wa mama mkwe.

#31 Tabibu wa Kata

Hiyo nimeipenda kuliko laktesi yangu.

#32 Mzee wa Baraza

Mimi bado niko na saa. Maskini na tajiri wote wana saa.

#33 Mtunza Nyaraka

Dada, ya kwako ina mashiko kwa kaskazini. Kusini maziwa ya ng'ombe hayakuwa mengi kiasi hicho, kwa hiyo ulaji wa caffelatte usiku usingeenea. Tungepata mtu wa Calabria hapa.

#34 Fundi Simu Brescia

Mnaongea utamaduni, mimi nina malalamiko ya pesa. Kahawa ile ile, ukiinywa umesimama kaunta ni euro moja na kitu, ukikaa mezani inapaa mara mbili, kwenye viwanja vya watalii ndiyo usiseme. Halafu kuna coperto. Nimekaa tu, sijala, nishadaiwa. Mgahawa mmoja huku waliniandikia coperto ya watu wanne tukiwa watatu, kisa begi langu lilikuwa na kiti chake.

#35 Mswahili wa Napoli

Ya kaunta ina historia. Mwaka 1911 halmashauri za miji zilipewa uwezo wa kuweka bei ya juu kwa bidhaa za lazima, na kahawa ya kunywa umesimama bila kuhudumiwa ikahesabiwa humo. Ndiyo maana watu wakazoea kumeza wima na kuondoka. Coperto ni ya mkate na kitambaa cha meza. Mkoa wa Lazio ulipitisha sheria ya kuikataza 2006, matokeo yake Roma sehemu nyingi wanaandika "mkate" badala yake. Ukiwaambia hutaki mkate wanapaswa kuutoa kwenye bili. Huku Napoli tuna jambo zuri zaidi: caffè sospeso, unalipia mbili unakunywa moja, ya pili anaikuta asiye na hela.

#36 Section One

Begi lilikula nini?

#37 Fundi Simu Brescia

Lilikula mkate, inaonekana.

#38 Binti Mtambwe

Swali la pembeni kwa Jiko la Kigamboni. Guanciale ni nguruwe. Sisi tusiokula tunaweka nini, na Parmigiano yenyewe inafaa?

#39 Jiko la Kigamboni

Kwa wateja wangu Waislamu natumia nyama ya ng'ombe yenye mafuta, iliyotiwa chumvi na kukaushwa, nimeinunua bucha ninalolijua. Naikaanga taratibu hadi mafuta yatoke, ndiyo unachotaka. Bresaola ya Valtellina ni ng'ombe lakini kavu sana, na uchinjaji wake lazima uulize.

Parmigiano Reggiano halisi kanuni zake zinataka kimeng'enya cha tumbo la ndama cha kugandishia maziwa, hakuna mbadala. Kwa hiyo wasiokula nyama kabisa haiwafai, na kwa Waislamu wanazuoni wanatofautiana, muulize unayemwamini. Zipo jibini ngumu nyingine zinazogandishwa kwa vimeng'enya vya vijidudu au vya mimea, soma karatasi ya nyuma.

#40 Kibonge Mwelevu

Bila nguruwe si carbonara, mpishi. Wataandamana.

#41 Jiko la Kigamboni

Kwenye menyu nimeandika "tambi za mayai na nyama". Hakuna Muitaliano aliyewahi kuandamana dhidi ya tambi za mayai na nyama. Mmoja aliomba sahani ya pili.

#42 Mkwakwani Jr

Shukrani kwa wote, bado sijui sababu ni ipi ila sasa nina sita za kubishania. Dharura: jamaa wa maabara kanialika kwao Modena Jumapili mchana, na mama yake na bibi watakuwepo. Niende na nini? Na nikimaliza mchuzi ukabaki kwenye sahani, naruhusiwa kuupangusa kwa mkate?

#43 Dada wa Verona

Peleka trei ya keki ndogo ndogo, wanaita paste. Inunue asubuhi hiyo hiyo pasticceria (duka la keki), wataifunga kwa karatasi na utepe, utawaona watu mtaani Jumapili wamezishika kama vyeti. Ukipeleka maua yasiwe krisanthemu, hayo ni ya makaburini. Fika njaa kweli, kwa sababu tortellini (tambi ndogo zilizojazwa nyama) kwenye mchuzi ni mwanzo tu na ukishiba hapo bibi atakununia.

Mkate kwenye mchuzi: mgahawa wa heshima usifanye. Nyumbani subiri uone bibi. Akianza yeye, nawe anza.